Karatasi ya Sigara Ndani ya Karavani

Shangazi mpendwa,

Nisaidie kabla sijafunga virago, maana tangu juzi nimepigwa na butwaa, nikikaa kwenye cherehani nashona mkono wa shati mahali pa kola, wateja wananitazama na mimi nawatazama.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa hapa nyumbani, na mume wangu ni mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro, mtu mpole, hanywi, hana maneno mengi, ila mikono yake haitulii, akiona kitu lazima akifungue. Mwaka jana wapima barabara walipomaliza kazi yao waliuza karavani yao kuukuu, ile nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, yenye vitanda, jiko dogo na benchi, na yeye akainunua bila kuniuliza, nikanuna, lakini alipoipaka rangi na kutandika sponji nene za kiwandani kwao, shemeji akatuvuta kwa pikapu yake tukaenda kulala ufukweni na watoto, nikakosa la kusema, maana sijawahi kulala vizuri vile tangu niolewe.

Shida ikawa simu. Humo ndani mlikuwa na tundu moja tu la kuchajia, kila mtu analigombea, ukigeuka umeshachomolewa, basi mume wangu akaenda kununua matundu ya USB, akayapachika kando ya kila kitanda, mengine juu ya benchi, jingine jikoni, akayaunganisha yote na betri kubwa iliyo chini ya benchi kwa waya aliotoa kwenye spika za redio yetu ya zamani, akaupitisha nyuma ya plaiwudi usionekane, na betri yenyewe inapata chaji kwa waya mrefu unaotokea dirisha letu la jikoni. Mwanzoni fyuzi zilikuwa zinaungua mara kwa mara, yeye anakwenda dukani anarudi na nyingine, mpaka siku moja hazikuungua tena na kila kitu kikawaka, mama yake akaanza kumwita Injinia, na mimi nikampigia makofi kama mjinga.

Mama mkwe yuko kwetu tangu mgongo ulipoanza kumsumbua, na kwa kuwa nyumba ni ndogo amechagua kulala kwenye karavani pale uani pamoja na kitinda mimba wetu, anafurahi sana humo, anawasha feni yake ndogo ya USB, anachaji simu na ile taa yake, na mchana anaegemea ukuta wa juu ya benchi kwa sababu anasema una joto linalomtuliza mgongo kuliko dawa za hospitali.

Sasa hapa ndipo penyewe, Shangazi. Mume wangu alikuwa mvuta sigara wa kupindukia, kifua kikamlaza hospitali mpaka nikaanza kuwaza mambo mabaya, na alipotoka akala kiapo mbele yangu na mbele ya mama yake kwamba hataigusa tena, mama yake akamwambia akiigusa asimhesabu kuwa ana mama, na mimi nikamwamini, nikamwamini kwa moyo wote. Halafu mwezi huu nikaanza kusikia harufu humo ndani, harufu ya kitu kilichoungua, imeingia hadi kwenye mapazia, nikafua, ikarudi. Nikaona alama ya kahawia kwenye plaiwudi karibu na tundu la juu ya benchi, kama mtu alizimia sigara pale. Nikanyamaza, nikasema nisimtie mtu dhambi bure. Juzi nikawa nafuta vumbi, nikafungua kifuniko cha kisanduku cha fyuzi alichokipachika ukutani, na ndani, mahali pa fyuzi, nikakuta karatasi ya kung'aa, ile ya ndani ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri na kushindiliwa.

Niliichomoa nikainusa, na hapo hapo feni ya mama mkwe ikazima, akaniuliza kulikoni, nikairudisha haraka kama nilivyoikuta, feni ikawaka, nikamwambia ni umeme tu. Kwamba ameitumia kuunganishia umeme sina neno, huo ni ufundi wake, lakini karatasi ya sigara aliipata wapi mtu aliyeacha sigara? Kumbe ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sijamwambia chochote, nimeirudisha asijue nimeona, nataka nimnase siku moja na moshi wake. Je, nimweleze mama mkwe, ambaye najua ataondoka na hatarudi tena kwetu? Nimuulize mwenyewe anidanganye mara ya pili? Au niende kwa dada yangu nikapumzike, nimwachie karavani yake na sigara zake? Namba yangu ya simu iko hapo chini, ila usinitaje.

Fundi Cherehani Asiyejua la Kufanya


MAJIBU

Mwanangu,

Barua yako ilinifikia asubuhi. Nilianza kuisoma nimekaa na nikaimaliza nimesimama, mkono mmoja tayari unatafuta simu. Wasomaji wangu wataniwia radhi, kwa kawaida najibu hapa gazetini kila mtu akingoja zamu yake. Hii haikuwa ya kungoja zamu.

Unakumbuka tulivyozungumza. Ulipokea kwa sauti ya kibiashara, ukaniomba nisubiri kidogo kwa sababu unampima mtu kiuno. Nikakwambia, "Kiuno hakikimbii. Nenda kamtoe mama mkwe wako kwenye karavani, chomoa ule waya wa dirishani, kisha toa ile karatasi, na safari hii usiirudishe." Halafu ukaniuliza, na nitakufa nalikumbuka swali hilo, "Kwani, Shangazi, na yeye mama anavuta?"

Sikucheka wakati ule. Nacheka sasa.

Mwanangu, umeniandikia barua ndefu kuhusu sigara ambayo hukuiona, na katikati yake, kama mtu anayetaja mvua, umeniambia kwamba bibi mgonjwa na mtoto wanalala juu ya sponji za kiwandani, mgongoni mwao ukuta wenye joto. Ukuta wa mbao hauna sababu ya kuwa na joto. Ukuta si chungu. Harufu ya kuungua inayorudi baada ya kufua mapazia haitoki kwenye mapazia. Na ile alama ya kahawia hakuna mtu aliyezimia sigara pale, ilikuwa inatoka ndani inakuja nje. Uliona kila kitu, kimoja baada ya kingine, ukavipanga vizuri kabisa, ukavibandika jina la sigara kwa sababu ndilo lililokuwa linakuuma.

Mimi si fundi umeme, lakini fyuzi naijua, na kuanzia leo na wewe utaijua. Fyuzi ni kitu dhaifu kwa makusudi. Umeme ukizidi uwezo wa waya, yenyewe inakatika ili waya usiungue. Zile fyuzi zilizokuwa zinaungua kila mara hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinamwambia mumeo, baba, waya wako wa spika ni mwembamba, haubebi simu na feni na taa za ukoo mzima. Yeye akachoka kuambiwa, akatafuta kitu kisichokatika. Karatasi ile ina utando wa alumini, haikatiki upesi. Inaachia umeme upite tu, na waya unachemka kimya kimya nyuma ya plaiwudi, na watu wanasema Injinia amepatia.

Na wewe ukaichomoa, ukaona feni imezima, ukairudisha. Mwanangu. Uliushika moto mkononi ukaurudisha mahali pake ili mumeo asijue umepekua. Hapo nilikukasirikia, sikufichi, nilikukasirikia kama mtoto wangu wa kumzaa.

Lakini ulikwenda, na hilo nakushukuru. Nilibaki kwenye simu nikimsikia mama mkwe wako akiuliza ni shangazi gani huyo anayewazimia wazee feni, na kwamba mgongo wake umeshazoea pale, na kwamba hatoki. Ulimtoa, sijui kwa maneno gani. Jioni ulinipigia kunieleza aliyoyakuta fundi umeme uliyemwita. Alifungua skrubu za ule ubao wa juu ya benchi, akauvuta, kisha akaomba kiti. Nyuma yake nyaya zilikuwa zimeyeyuka zikashikana, mbao imegeuka mkaa kuanzia kwenye tundu hadi karibu na kichwa cha kitanda cha mtoto, na ukingo wa sponji umeanza kujikunja. Akakuuliza nani alilala humo jana. Ukamwambia. Ukaniambia kwamba hapo ulikaa chini pale pale uani.

Nami nilikaa chini. Nina miaka mingi kwenye ukurasa huu, nimesoma habari za nyumba ndogo, za urithi, za wakwe wenye midomo, na nilidhani hakuna barua itakayonitoa jasho tena.

Ukanieleza pia kwamba mumeo aliporudi kazini ulimwonyesha ule ubao, akautazama mbele na nyuma, akasema, "Nilidhani fyuzi zile wananiuzia mbovu." Akarudia hivyo hivyo mara kadhaa, halafu akaingia ndani akamchukua mtoto aliyekuwa anakula, akampakata, na hakutaka kumshusha hata mtoto aliposusa. Usimtukane kwa hilo. Mtu wa namna hiyo ameshajitukana vya kutosha, na wewe huna tusi linaloweza kumfikia. Ila usimwonee haya pia. Mama yake ajue. Ajue kila kitu, na lile jina la Injinia lipumzike kwanza.

Sasa fanya hivi. Hakuna mtu kulala kwenye karavani hiyo mpaka fundi aliyesomea umeme ang'oe nyaya zote za spika, zote, hata zile zinazoonekana nzima. Aweke waya mnene unaostahili, aweke fyuzi karibu na betri, na kila kundi la matundu liwe na fyuzi yake. Mumeo awepo akitazama, aulize maswali, ashike tochi, asishike koleo. Fyuzi ikiungua tena siku za mbele, mchomoe vitu, mtafute sababu, msitafute karatasi. Mama mkwe alale kitandani kwenu na mtoto, ninyi mtandike sponji sakafuni. Mna sponji za kutosha.

Nimekuomba ruhusa ya kuchapisha barua hii na umenikubalia, kwa sababu najua kuna nyumba nyingi ambazo sasa hivi, nyuma ya kifuniko fulani, kuna karatasi kama hiyo, au msumari, au waya uliosokotwa, na mtu mmoja anayesifiwa kwa ufundi wake. Msomaji, weka gazeti chini ukaangalie. Nitakusubiri.

Imebaki sigara. Ndiyo, mwanangu, sijaisahau, na wewe uliniuliza tena jioni ile ile kabla hatujaagana, nikajua kwamba unapona. Pengine ameiokota ile karatasi kule stoo, madereva wanaoleta mizigo hutupa pakiti zao popote. Pengine anavuta kweli, na amekudanganya, na una haki ya kuwaka. Mimi sijui na sitakukisia. Usimvizie nyuma ya mapazia na usimtume mama yake. Muulize mwenyewe leo, mchana kweupe, uso kwa uso, na akikuyumbisha mshikilie hapo hapo. Mgombane mpaka muelewane, mama mkwe aingilie akitaka, mtoto awaambie mnapiga kelele. Wa kugombana wote wapo hai.

Shangazi yako