Doa la Alizeti Kwenye Chupa ya Asali

Mama, shikamoo.

Najua huitikii tena. Lakini nikianza bila shikamoo nitakuwa nimethibitisha yale uliyosema nilipoolewa na mwanao, kwamba sisi wa kijiji cha Mkiwa, pale njia panda, tumekulia barabarani, adabu tumewaachia madereva.

Hapa Ulemo hatujambo. Alizeti tumevuna. Kuku wako mwekundu bado anataga chini ya kitanda chako na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Na Neema, kitindamimba wako, aliolewa Jumamosi iliyopita. Tulia, nitakueleza, ila lazima nianze na chupa.

Ile chupa ya kioo yenye shingo nyembamba, uliyokuwa ukimjazia asali kila binti wa nyumba hii anapoolewa, aibebe kwa mumewe kisha airudishe. Hata mimi ulinipokea nayo, ukanilambisha kijiko pale mlangoni. Siku za msiba wako wapishi waliikuta kabatini wakatia mafuta ya alizeti. Tukaanua matanga, wageni wakaondoka, na mafuta yaliyobaki yakasahaulika dirishani kiangazi chote. Nilipoishika tena, ndani ilikuwa na utando wa njano unaonata kama ulimbo.

Neema alipoiona alilia kuliko siku ya mazishi. Akasema bora aende mikono mitupu kuliko kubeba asali ya mama kwenye uchafu. Wifi Esta, aliyekuja kutoka Singida mjini kusimamia harusi ya mdogo wake, akasema tuitupe, atanunua dumu la plastiki. Dumu, mama! Nikamwambia, "Wifi, samahani, hii chupa haitupwi. Nitaiosha mimi." Nilisema kwa ile sauti yako. Esta akanikabidhi chupa.

Sabuni ilishindwa. Maji ya moto yalishindwa, na ndimu ikateleza tu juu ya utando. Esta akaleta mchanga wa mtoni ili tutikise. Nikamshika mkono, kwa sababu nilikukumbuka siku uliponinyang'anya glasi niliyokuwa naisugua kwa mchanga: "Mchanga unakwaruza kioo. Kesho doa litapata pa kukaa." Kisha nikakumbuka na lile ulilopenda kusema ukiwa mbele ya chombo chenye mafuta makavu: "Alizeti ndiyo imechafua, alizeti ndiyo ioshe." Miaka yote nilidhani ni utani wako tu.

Nikaenda shambani, nikakusanya mashina makavu ya alizeti, nikayachoma, maana majivu hula mafuta. Majivu nikayaloweka, nikachuja maji yake kwa kitambaa. Unayajua maji yale, yanavyoteleza vidoleni na kuwasha. Nikayapasha yakawa vuguvugu, nikajaza chupa, nikaiacha ilale nayo. Asubuhi utando ulikuwa umelegea, unaning'inia vipande vipande. Nikatia punje za mtama, nikatikisa mpaka mabega yakaniuma. Kuku wako akaja kudai mtama wake. Sikumpa, maana mtama wa majivu ungemchoma koo. Alinuna siku nzima. Alifanana nawe kweli.

Nikasuuza, nikasuuza tena.

Sasa hapo ndipo palipo na neno langu, mama. Kila chombo nilichokuoshea ulikiinua juani, ukakizungusha, ukaweka kidole. "Hapa." Basi, neno moja tu. Nililichukia neno hilo. Safari hii niliiinua chupa mwenyewe, nikaizungusha polepole, kioo kikang'aa chote. Nikasubiri. Sijui nilisubiri nini. Upepo ulikuwa unavuma, na hakuna aliyesema, "Hapa." Nikakaa chini nikalia kama mtoto, kwa kuwa ningetoa chochote unioneshe hata doa dogo.

Esta akanikuta pale. Akaichukua chupa, akaitazama juani na yeye, kwa muda mrefu. Akaingia ndani kuleta asali.

Niliijaza mimi. Neema akasimama mlangoni na shela lake, na mimi nikasimama pale ulipokuwa ukisimama wewe, maana lazima mtu asimame pale. Nikamlambisha kijiko. Akaniita mama. Sijazoea, lakini niliitika.

Binti yangu Tumaini alikuwa anatuangalia. Siku yake ikifika atabeba asali kwenye chupa hiyohiyo, na majivu nitamfundisha mapema, kabla hajajua kusonga ugali. Mafuta hayataingia humo tena nikiwa hai.

Lala, mama. Chupa ikirudi kutoka kwa Neema nitaiosha na kuiinua juani kama ulivyonizoesha. Ukiona doa, njoo ndotoni uweke kidole. Lakini nakuambia mapema, hutaliona.

Mkweo,
yule wa Mkiwa.