Laini ya Kando Yake

Jumanne, usiku

Bado hanipendi. Nasema yule mpiga mishale wa gemu ya simu. Kila vita namficha nyuma ya ukuta asiuawe, halafu vita vikiisha nampelekea maua. Leo ameniambia, "Hujawahi kupigana kando yangu." Alama zangu za mapenzi kwenye gemu zikashuka tena.

Nikazima simu kwa hasira.

Asubuhi, tulipoanza kuchuma chai, Chebet, msichana tunayechuma naye, aliniita: "Kiprono, kuja uchukue hii laini iko kando yangu, tupige stori."

Nikamwambia ile safu ya michai ya juu ina majani mengi. Uongo mtupu. Niliogopa kukosa la kusema.

Laini ile aliichukua Kipkirui, mchumaji mwenzetu. Mpaka tunapeleka majani kupimwa, nilikuwa huko juu peke yangu, nikiwasikia wakicheka.