Akiba ya Mshono

Kikuyu, Dodoma
9 Agosti

Kwa shemeji yangu, Dada Rukaya,

Asalaam aleikum, na baada ya salamu, shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, ule mguu wako umeacha ugomvi, na wajukuu wamekubakizia walau ukingo wa kitanda cha kulalia. Mimi huku sijambo. Ninakula, ninalala, na asubuhi ninakwenda karakana kule Kizota kama kawaida. Majirani wakiniuliza hali ninawajibu alhamdulillahi, nao hawaulizi mara ya pili, jambo ambalo ninawashukuru.

Najua utashangaa kupata barua ilhali simu ninayo. Nimejaribu kupiga, shemeji. Lakini wewe simu yako unaiweka spika, na kila nikianza kueleza jambo ninaisikia Kondoa nzima ikinyamaza kunisikiliza. Tena sauti yangu siku hizi ni kama jenereta la karakana, inawaka vizuri halafu inazima mahali pabaya. Karatasi ina uvumilivu. Kwa hiyo isome kwanza peke yako, ndipo umwite Harithi umsomee, maana jambo lenyewe linamhusu yeye pia, kama kaka yenu, wewe na Arafa.

Kondakta wa basi atakayekuletea barua hii atakukabidhi na furushi. Ndani mna gauni lako la Idi, lile la maua ya zambarau. Marehemu Arafa alilimaliza lote isipokuwa pindo la chini. Nililikuta limening'inia nyuma ya mlango, chini ya baibui lake, na kwa muda wote huu nilikuwa nikilipita nikidhani ni lake. Sikumpa fundi mwingine alimalizie. Pindo utalipiga mwenyewe.

Sasa nije kwenye habari ya kiwanja cha Nala.

Unakumbuka siku ya arobaini, mlipokuwa wote hapa, mimi ndiye niliyetangulia kusema kiuzwe. Kiwanja kilikuwa cha Arafa, kwa jina lake na kwa cherehani yake. Mungu hakutujalia mtoto, basi nusu ni yangu na nusu ni yenu, wewe na Harithi, kama sheikh alivyotueleza. Nikasema, kwa sauti ya mwanamume anayejua mambo, kwamba umri umekwenda, goti ni bovu, na mtu mmoja hahitaji nyumba, anahitaji chumba na ufunguo. Harithi akakubali upesi. Wewe ulinitazama ukaniuliza kama nina hakika, nami nikakujibu kwamba nina hakika kuliko wewe ulivyo na hakika ya pilau lako. Mkacheka. Nilitaka mcheke ili pasiwe na swali jingine.

Basi nikamtafuta dalali, bwana mmoja anaitwa Msafiri, ambaye maneno yake hayana breki. Aliniambia kwamba kiwanja kisichojengwa ni kama sahani tupu mezani, kila apitaye hujiuliza mwenyewe kala au bado. Haikupita muda akaleta mteja, mtumishi aliyehamishiwa huku na wizara yake, mtu mpole mwenye mke na watoto. Tukapeana mikono. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba nikisafishe kile kiwanja, kwa sababu kulikuwa na vigingi vya miti vimepigwapigwa katikati na mkewe alihofia kwamba pana mtu mwingine anayedai.

Vile vigingi, shemeji, inabidi nikueleze, maana hili sidhani kama tuliwahi kumwambia mtu. Tuliona haya.

Tangu tupate kiwanja, kila mvua zikiisha na nyasi zikikauka, Arafa alinikokota mpaka Nala na mfuko wa chokaa, kamba na vigingi, tukachora nyumba. Wenzetu huchora mara moja halafu wanachimba msingi. Sisi tulichora, mvua ikafuta, tukachora tena. Kila mwaka palikuwa na sababu ya kutochimba, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa za kweli. Alipima kwa ile futi yake ya kushonea. Nilipomwambia kwamba nyumba haipimwi kama kiuno, alinijibu kwamba nyumba na nguo ni kitu kimoja, vyote humfunika mtu, na kwamba mimi ninayeishi na kope zilizoungua nishike kamba ninyamaze. Hayo ya kope aliyarithi kwako, maana siku ya posa wewe ndiye uliyeuliza mbele za wazee kama fundi wa kuchomelea anaweza kuona uso wa mke anayemwoa.

Tukimaliza, tunaketi sebuleni, yaani kwenye mkeka katikati ya mistari, tunakunywa chai ya chupa. Kupita ukutani nilikatazwa. Nikisahau nikakanyaga mstari, ananirudisha nje, nizunguke hadi mlangoni, nibishe hodi. Siku moja wachungaji waliokuwa na mbuzi wao walisimama wakanitazama ninavyozunguka uwanja mtupu nikipiga hodi kwa hewa, nadhani hadi leo wanasema Nala kuna mzee wa Kikuyu mwenye matatizo. Mimi niliyewachomelea watu milango na mageti mji mzima, mlango wangu ulikuwa wa chokaa.

Mwaka wa kwanza nyumba ilikuwa kubwa. Chumba cha watoto alikiweka mashariki, ili jua liwaamshe waende shule. Baadaye chumba kile kikaitwa cha wageni. Miaka ikaenda kikawa cha cherehani. Mwaka mmoja nilikuta hakipo, ukuta umesogezwa ndani, na nikajifanya sikuona, ingawa nilikuwa nimesimama pale pale kilipokuwa. Naye alijua kwamba nimeona, kwa sababu siku hiyo alinimiminia chai mara mbili bila kuniuliza.

Huu mwaka hatukuchora. Ndivyo nilivyoamini mimi. Alikuwa mgonjwa, na nilikuwa nikimwambia kwamba akipata nafuu tutakwenda, naye alikuwa akiitikia.

Kwa hiyo nilipokwenda kusafisha kiwanja nilidhani vigingi ni vya zamani. Nikaving'oa kimoja kimoja. Vilikuwa vigumu kutoka, nikashangaa kidogo, lakini mimi ni mtu wa chuma, ya miti siyajui. Nikavitupa kwenye rundo la majani makavu nikatia kiberiti, nikasimama napunga moshi, najiona mtu aliyemaliza kazi.

Moshi ule ndio uliomleta Luka. Luka ni mwashi, anamjengea jirani yetu wa kule Nala, Mama Zaitun, nyumba kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, naye akiishi humo humo, na Luka alikuwa akitusalimia kila mwaka tukichora. Alikuja anatembea, akaona, akaanza kukimbia. Akaniuliza ni nani aliyeng'oa vigingi vya Mama, maana ndivyo alivyomwita Arafa. Nikamwambia ni mimi, na kwamba hivyo ni vya siku nyingi. Akatikisa kichwa, akasema vile alivipiga yeye mwenyewe mwezi wa pili, Mama akiwa ameketi kwenye ndoo aliyomgeuzia, ameshika futi yake, anamwelekeza.

Mwezi wa pili, shemeji. Siku aliyoniambia anakwenda kliniki na kwamba nisihangaike kumsindikiza, nibaki nimalize geti la watu. Alipanda bodaboda na hali ile, akaenda Nala. Mwezi wa tatu tukamzika.

Nilimwomba Luka anionyeshe vilipokuwa, naye akasema hakumbuki vizuri, alipiga tu alikoelekezwa. Basi unajua tulichofanya? Tulipiga magoti. Ardhi ya Nala wakati huu ni ngumu kama kigae, kigingi kikitoka tundu linabaki. Tukawa tunatambaa, wanaume wawili wazima, tunapapasa vumbi kwa viganja, upepo unatupulizia majivu ya vigingi vyenyewe machoni. Mama Zaitun akatokea akaegemea ukuta wake, akauliza kama tumeangusha fedha. Nikamjibu kwamba tunatafuta nyumba. Alidhani ni utani wangu wa siku zote, akacheka, halafu akaniona uso, akaja naye akainama.

Tundu moja baada ya jingine tuliyapata. Tukaweka mawe juu yake, nikasimama kuitazama. Ilikuwa nyumba ndogo. Chumba kimoja, jiko, choo cha ndani, na kibaraza. Luka akaanza kukumbuka maneno kadiri mawe yalivyoongezeka. Alisema Mama hakutaka ngazi mlangoni, kwa ajili ya goti la Fundi, yaani mimi. Alitaka kibaraza kitazame barabara, kwa sababu Fundi akikaa mahali asipoona watu anaanza kuongea na vyuma. Kila nguo alikuwa akiipunguza ikimpwaya mtu, wewe unajua. Alikuwa ameipunguza nyumba hadi ikanitosha mimi, peke yangu.

Lakini yalibaki matundu mawili upande wa mashariki, nje kabisa ya ukuta, ambayo sikujua ni ya nini. Nikamwuliza Luka. Akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Nilipomshikilia akasema kwamba Mama alimwagiza upande ule pasichimbwe shimo wala pasipandwe mti, na ukuta wake uachwe na meno. Hiyo ni lugha ya waashi: tofali zinaachwa zimechomoza moja ndani moja nje, ili siku ukuta mwingine ukija ushikane na wa kwanza bila kubomoa. Luka alimwuliza kwa nini, ikiwa mwenye nyumba ni mtu mmoja. Arafa akamjibu kwamba yeye hajawahi kushona nguo bila kuacha akiba ndani ya mshono, maana watu hubadilika. Akasema iko siku Fundi ataoa, inshallah, na huyo atakayekuja asije akabanwa na kipimo cha mtu mwingine.

Hapa ndipo ninapotakiwa kukuambia kwamba nililia, na ungeniamini. Sikulia. Nilikasirika, Dada Rukaya. Nilimkasirikia marehemu, mke wangu, mdogo wako, mbele ya Luka na Mama Zaitun, nikasema kwa sauti kwamba hakuwa na ruhusa. Kwamba mimi nilikuwa nikimnunulia maembe na kumwambia atapona, na yeye muda wote alikuwa ananipima mimi kana kwamba mimi ndiye ninayebaki mjane mwenye kuhitaji sitara. Mama Zaitun akanishika mkono, akaniongoza nikakae. Nilipoketi nikagundua kwamba hakunikatisha ukutani. Alinizungusha tukapita mlangoni, katikati ya mawe mawili, bila kuambiwa na mtu. Kumbe miaka yote alikuwa akituangalia kutoka kwake.

Basi ukweli niliowaficha siku ya arobaini ni huu. Si kwa sababu ya umri wala goti nilitaka kiuzwe. Nilikiogopa. Chumba cha kupanga hakiniulizi kitu, ila ile nyumba ya chokaa nilijua nikiijenga itakuwa na mlango wa kweli, nami nitabisha hodi siku ya kwanza kwa mazoea, na hakuna atakayeniambia ingia. Nikaona afadhali aingie mtumishi wa watu na watoto wake.

Sasa ninaomba, kwako wewe mkubwa na kwa Harithi, mnipe ruhusa nijenge. Haki yenu haipotei, nitawatolea kidogo kidogo kadiri mageti yanavyotoka, na shahidi awe sheikh. Kama Harithi ana shida ya haraka na hawezi kungoja, niambieni, nitauza na sitanuna. Kile ni cha mdogo wenu kabla ya kuwa changu. Msafiri nimemwambia asubiri neno lenu. Amenijibu kwamba mteja si maharage, hasubiri kuiva. Nimemrudishia mteja salamu za radhi, na yule bwana, Mungu ambariki, aliniuliza tu kama marehemu mke wangu ndiye aliyeviweka vile vigingi, kisha hakuuliza tena.

Luka alitaka kujua, ikiwa mtaniruhusu, afanyeje na ukuta wa mashariki. Mimi sitaki kuoa, shemeji, na usianze kunitafutia, nakujua. Nilifungua kinywa nimwambie aunyooshe ukuta, aulainishe, upigwe lipu tuyamalize. Badala yake nikamwambia auache na meno.

Wasalimie wajukuu wote, hasa yule anayeniita Babu Moshi. Msalimie Harithi na nyumba yake, na Bibi Tabu, umwambie unga wake wa uwele ulifika na ninaukoroga mwenyewe, unashika sufuria lakini tunapatana. Mama Zaitun anakusalimu, ingawa hamjaonana. Tuombeane uzima, na nikumbuke kwenye dua zako pamoja naye.

Gauni likikubana, maana uliniambia mwenyewe kwamba umenenepa tangu mwaka jana, usimpeleke mtu alikate. Fungua mshono wa ubavuni taratibu. Nimetazama, ameacha akiba.

Ni mimi shemeji yako,
Mbaruku