Difu Ilipoanza Kulia

Jumanne, 8 Julai 1975
Nimerudi Mtwara kutoka Kilambo saa kumi. Nimeosha lori, nimekula wali wa jana. Difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, inalia. Nikikanyaga mafuta inalia, nikiachia bado inalia. Sijaipenda.
Ng'ambo ya mto wamepata uhuru, na baba yake Rozalia anarudisha familia yote kwao. Wanavuka Ijumaa jioni. Nimemwahidi Rozalia nitafika Kilambo kabla, nimwombe baba yake. Akikubali, anabaki nami.

Jumatano, 9 Julai
Sasa inanguruma. Nimeingia chini ya gari. Sili ya mbele ya difu, ule mpira wa kuzuia mafuta, inavuja; propela, mhimili unaoizungusha difu, ukiitikisa inacheza. Fundi Mponda wa Likombe kafungulia mafuta: machache, meusi, yana chengachenga za chuma. Beringi imekwisha. Akapapasa juu ya ekseli, akachomoa donge la ulimbo.
“Umeiziba pumzi, mwanangu. Ikipata moto, ulitaka mafuta yatokee wapi kama si kwenye sili?”
Aibu tupu. Bamvua likijaza maji ya chumvi bondeni, sisi madereva wa Kilambo huziba kile kitundu cha hewa. Ukishavuka, unazibua. Wiki iliyopita Rozalia alikuwa amesimama upande wa pili wa bonde. Nikashuka kumtazama yeye, ulimbo nikausahau.

Alhamisi, 10 Julai
Beringi Mtwara hakuna. Italetwa na basi la Lindi kesho. Nimeomba nitie mafuta niende hivyo hivyo, polepole. Fundi kakataa: ikikwama njiani itasaga na meno ya difu, gari lilale porini. Kweli tupu. Namchukia.
Namtamani Rozalia mpaka chakula hakipiti.

Ijumaa, 11 Julai
Basi limefika wakati wa magharibi.

Jumamosi, 12 Julai
Tumefunga vipuri tangu alfajiri. Beringi mpya, sili mpya, mafuta mpaka yakafurika tundu la kujazia. Pumzi nimeizibua kwa waya mwenyewe. Nitaikagua kila safari, naapa. Saa nane natoka. Wasafiri huchelewa. Huenda nao wamechelewa.

Jumapili, 13 Julai. Kilambo
Wamekwenda. Nyumba imefagiwa.
Mama jirani kanipa uji. Anasema Ijumaa Rozalia alimchelewesha baba yake mpaka jua likazama. Baba akamwambia gari la huyo mtu bovu, habari zimeshafika. Rozalia akajibu, basi atakuja kwa miguu.
Ni mwendo wa siku moja. Nilikuwa na siku mbili nzima. Sikuwaza hata mara moja.
Uji nimeumaliza. Nimemrudishia mama bakuli lake.