Jezi Chafu za Popo wa Port Cordell

Jumapili, 12 Oktoba

Tumefungwa tena, sisi Popo wa mpira wa kikapu. Nyumbani, mbele ya watu wetu, na watu wetu wakaanza kutoka kabla robo ya nne haijaisha, wakijifanya wanawahi magari. Bwana Kibblewhite, mwenye timu, yule anayeuza mashine za kuvunia miwa, alipita chumba changu cha kufulia akanung'unika: katika klabu hii kitu pekee kinachofanya kazi ni mashine ya Merle.

Akaitia mkosi. Hata mlango hajaurudisha, mashine ikalia kama nguruwe, ikatoa moshi, ikafa. Jezi zote ndani, zimelowa jasho, maji hazijaonja. Kesho wanaruka kwenda Perth. Nimezifunga kwenye mifuko hivyo hivyo. Joto hili! Na kiwanda cha sukari kinapumulia mji mzima molasi. Mifuko ile ikifunguliwa huko — aibu yangu, si yao.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wameshinda! Kikapu cha mwisho kabisa, Yancey, Mmarekani wetu, kaurusha mpira huku anaanguka. Akachubuka mguu, akainuka anacheka. Niliangalia sebuleni na Dudley, mbwa wangu, ambaye alilala mechi nzima kwa sababu ana akili.

Kisha kamera ikamsogelea nahodha Haddrill, naye akaivuta jezi yake akaibusu. Akaibusu! Mimi ndiye ninayejua ile jezi ina nini ndani. Nikaweka mkate chini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Fundi katengeneza mashine. Nikaenda na kapu langu chumba cha kubadilishia. Haddrill kasimama mlangoni, kauziba wote.

"Anti Merle, leo hakifuliwi kitu."

"Unaumwa?"

"Tumeshinda nazo chafu. Zinabaki chafu mpaka tufungwe."

Nikamwambia basi sina haraka, nitarudi Jumamosi ijayo mkishafungwa. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Ana miaka thelathini na minne, ana watoto wawili shuleni.

Nikamwendea Kocha Vlahos. Huyu ana kompyuta tatu na anajua kila mchezaji anakosea kwa mkono upi. "Mama," kaniambia, "mimi ni mtu wa sayansi." Kisha akageuza shingo akajitemea begani, tfu, tfu, tfu, kufukuza mkosi. Hiyo ndiyo sayansi ya Port Cordell.

Jumamosi, 25 Oktoba

Wameshinda tena. Natamani nisifurahi.

Baada ya mechi, kile kitendo chao cha kiatu. Mfungaji bora anavua kiatu cha nahodha, kinajazwa bia, kinanywewa. Cha nahodha! Chenye soksi ndani mpaka dakika ile! Mfungaji bora alikuwa Yancey. Akakitazama kiatu, akakirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu kama anarudisha mtoto wa watu.

"Kwetu Louisiana viatu tunavivaa, kaka."

"Kunywa, wewe! Usitukatishe bahati!"

"Nimeokoka."

Wakazomea. Akatokea daktari wa timu, mtu aliyesoma mpaka nywele zikamwisha, akakinyakua kile kiatu akakimaliza. Akajifuta mdomo akasema kina chumvi kidogo. Nilitoka nje nikavuta hewa ya molasi. Ilikuwa tamu.

Jumapili, 2 Novemba

Ushindi wa tatu. Jezi sasa zinasimama zenyewe ukiziweka sakafuni. Sitanii. Mlinzi wa timu ngeni alimpisha Haddrill njia mpaka chini ya kikapu, mkono puani, na kocha wao akalalamika kwa refa. Refa naye akasema yuko mbali kidogo, hajanusa. Alikuwa mbali kwa makusudi.

Mji umeshikwa. Mwoka mikate kaapa habadilishi aproni mpaka Popo wafungwe. Nimeacha kununua mikate kwake. Kwenye saluni nilikaa pembeni ya mama mmoja na skafu ya timu shingoni, akaninong'oneza kwa fahari: haijaguswa na maji tangu Perth. Hakuwa na haja ya kuninong'oneza. Skafu ilishasema.

Nawafulia hawa watu mwaka wa kumi na moja. Sijawahi kuona uchafu ukipigiwa makofi.

Jumanne, 4 Novemba

Siku ya Kombe la mbio za farasi. Klabu nzima ilikuwa ghorofani na kofia za ajabu kichwani, wanawapigia kelele farasi wa Melbourne kwenye televisheni. Nilibaki chini nakunja taulo — taulo bado naruhusiwa. Yancey akaingia, akaurudisha mlango nyuma yake taratibu.

"Bi Merle, doa la usaha linatoka kwa kitu gani?"

Nikamwambia kaa. Akakaa juu ya mashine, akaiteremsha ile soksi nene anayovaa gotini. Harufu ilitangulia. Kisha nikaona: jipu juu ya goti, kubwa kama plamu, limewiva, limezungukwa na wekundu unaong'aa. Ule mchubuko wa Perth. Na juu yake kila siku kitambaa kile kile, jasho lile lile.

"Daktari anajua?"

"Daktari alikunywa bia ya kiatu, Bi Merle."

Nikamsogezea taulo safi.

Akanieleza. Timu inaruhusiwa wachezaji wa kigeni watatu tu. Mgeni akiumia anapandishwa ndege, analetwa mwingine. Kuna jamaa wa Texas keshapigiwa simu. Kibblewhite mwenyewe kamwambia, huku anacheka na kumpiga begani. Mwisho wa mwezi wanaamua nani abaki. Mama yake na binti yake wanakuja Krismasi. Binti ana miaka sita na kashaanza kuwaambia watu wa basi la shule kwamba anakwenda kuona kangaruu.

"Usimwambie mtu. Niapie."

"Na mguu?"

"Mguu ni wangu. Niapie."

Nikaapa. Juu walipiga kelele, farasi wa mtu kashinda.

Nikaichukua ile soksi, nikaichemsha. Ikatoka inanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikashtuka — Haddrill angeinusa kutoka kwenye maegesho! Huyo kila siku anapita kwenye misumari ya kutundikia nguo ananusa moja moja, kama mwonja mvinyo. Basi nikaenda nayo nyumbani, nikaimwagia bia, nikaisugua kwenye blanketi la Dudley. Nje tu! Ndani nimemwekea bandeji safi. Dudley ni mzee, ana matatizo yake ya usiku, blanketi linayajua yote. Ikarudi kwenye hali yake ya ushindi.

Jumamosi, 8 Novemba

Wameshinda. Na soksi iliyochemshwa! Kwa hiyo bahati haina pua.

Kabla ya mechi Haddrill alipita kwenye misumari. Akaishika soksi ya Yancey, akafumba macho. "Hii hapa," akawaambia wachezaji wadogo. "Hii ndiyo harufu ya bingwa." Nilijifanya natafuta kibanio chini ya meza. Nilikaa chini ya meza muda mrefu.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefua zote. Najua, najua. Lakini watatu wameanza kujikuna makwapa, na mmoja ana upele mpaka kitovuni. Asubuhi wanapokuwa mazoezini nafua, nakausha, mchana naleta blanketi kwenye gari nasugua, jioni natundika. Timu ya ligi ya taifa inanuka mbwa wangu kuanzia shingo mpaka goti na hakuna anayejua. Kocha kasema leo harufu "imekomaa".

Jipu limepasuka lenyewe. Yancey anasema ni dalili nzuri. Nimemsafisha kwa maji ya chumvi. Anauma taulo, halii. Nikamwambia nenda hospitali mwenyewe, kimya kimya, vaa kofia. Kacheka: mji huu wote una picha yake dirishani, hata bucha.

Jumanne, 18 Novemba

Ushindi wa tano juzi. Televisheni ya Sydney ilikuja kumhoji Haddrill kuhusu jezi. Akaniita nisimame pembeni yake. "Huyu ni Anti yetu Merle, mfuaji asiye na kazi!" Wakacheka. Na mimi nikacheka, mikono yangu imebabuka kwa sabuni.

Yancey ana mtoki, kinena kimevimba. Anatembea kama mtu aliyeficha kitu mfukoni. Kocha kaona, akamwuliza. Kajibu misuli. Kocha kamwambia vizuri, misuli ni kawaida, na akageuka haraka. Aligeuka haraka mno. Yule anajua. Wote wanajua kidogo kidogo, kila mtu kipande chake, na hakuna anayetaka kuviunganisha kabla timu haijafungwa.

Na mimi je? Mimi nina kipande kikubwa kuliko wote. Usinitazame hivyo, Dudley.

Jumapili, 23 Novemba

Niko hospitali. Naandikia magotini. Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitapiga kelele.

Mechi ya mchana, nyumbani, uwanja umejaa mpaka ngazini, uvundo umejaa mpaka darini. Yancey kacheza robo mbili. Kafunga vikapu, sijui kwa mguu wa nani. Wakati wa mapumziko wenzake wakaenda kumsikiliza kocha, yeye akaja kwangu, akajilaza juu ya taulo chafu. Anatetemeka. Joto lote hili, anatetemeka! Nikashusha soksi. Mstari mwekundu umetoka gotini umepanda pajani, umenyooka kama umechorwa.

"Robo mbili tu zimebaki, Bi Merle. Watanirudisha nyumbani."

"Heri urudi na miguu miwili."

Nikajaribu kumwinua. Mtu wa kimo kile! Nikatoka mpaka ukumbini nikamtafuta daktari, hayupo, yuko jukwaani anaimbisha watu. Nikarudi. Haddrill kasimama mlangoni kwangu.

"Yuko wapi? Kocha anamtaka. Simama, kaka, tunaongoza!"

"Mtazame mguu kwanza, wewe."

Akautazama. Nikaona uso wa baba wa watoto wawili ukija — kisha ukaondoka. "Tukimtoa sasa hivi," akasema polepole, "tunaharibu."

Hapo nikasema. Yote. Hakuna cha kuharibu, Haddrill. Nafua kila siku. Jezi yako ni safi kuliko shuka langu. Unachonusa na kukibusu mbele ya Australia nzima ni blanketi la mbwa wangu mwenye kibofu kibovu.

Akaivuta jezi puani. Akanusa. Nikangoja achukie. Nilikuwa na hamu kweli ya kuona mtu mwingine mji huu anakunja uso.

"Tangu lini?"

"Kabla ya ushindi wa nne."

Akahesabu kwa vidole. Akaniangalia, macho yanang'aa.

"Kwa hiyo ni blanketi," akasema. "Muda wote ni blanketi! Liko wapi?"

Mungu wangu.

"Kwenye gari," nikamwambia. "Mbebe huyu mpaka garini, utalipata."

Akambeba. Mgongoni, mbio, kupita mlango wa takataka. Akamlaza kiti cha nyuma vizuri tu, hata kichwa alimwekea mkono. Kisha akafungua buti, akalichukua blanketi, akalikumbatia, akakimbia kurudi uwanjani. Yancey akauliza anakimbia na nini. Nikamwambia lala, nikaendesha mpaka hospitali.

Wamempeleka nyuma ya pazia. Wakampasua nguo. Nilisikia daktari anasema "upesi", mara mbili, na mara ya pili si kwa sauti ile ya kwanza.

Muuguzi katoka, kijana mwenye macho ya kuchoka. Mguu umeshikwa vibaya, wanaandaa chumba cha upasuaji, hawajui watakata nini na nini kitabaki. Akauliza: kidonda kimegusana na nini? Udongo? Maji ya mto? Mnyama?

Nje tu, nilisugua nje tu. Bandeji ilikuwa safi. Lakini jasho linapenya. Jasho la miaka kumi na moja, nani anajua kuliko mimi kwamba jasho linapenya?

"Blanketi la mbwa," nikasema.

Akaniangalia kama nilivyokuwa nikiwaangalia wao mwezi mzima. Sura ile ile. Akasema maabara watalitaka, sasa hivi, wajue wadudu gani, wajue dawa gani. Liko wapi?

Ukutani kuna televisheni. Nikanyoosha kidole. Haddrill kwenye benchi, blanketi la kijivu mabegani, Popo wote wamelishika pembe, kocha naye kalishika pembe, tfu, tfu, tfu.

Muuguzi kageuka. Kaangalia. Kaangalia zaidi kidogo ya inavyotakiwa.

"Kumbe tunaongoza," akasema. Kisha kama kashtuka, akarudi nyuma ya pazia.

Napiga simu uwanjani. Inaita. Nimempigia kocha, nimempigia Kibblewhite, nimempigia yule daktari mnywa viatu. Zinaita tu. Nani atapokea simu robo ya nne? Nyuma ya pazia Yancey anauliza matokeo. Naomba wafungwe. Naomba wafungwe vibaya mpaka watu waone haya kurudi nyumbani. Simu inaita. Kwenye televisheni uwanja mzima umesimama, na kamera inamsogelea Haddrill, naye kalibusu —