Jina Lako Chini ya CV Zetu

Dada Rukia,

Simu yako imelia tena leo nikaikimbilia. Ilikuwa kampuni ya simu ikikutangazia ofa. Nimecheka, halafu nimelia, na wenzangu chumbani wamejifanya hawanioni. Hapa Muraqqabat, Dubai, tunalala wanne chumba kimoja, kwa hiyo kutoonana ni adabu ambayo kila mtu hujifunza.

Mama yako aliomba simu ikae kwangu na laini isikatwe mpaka arobaini ipite. Leo wamekusomea hitima kule Tanga. Amenipigia akaniambia watu walijaa, pilau imetosha, na kwamba sasa naweza kuizima. Nimemwambia sawa mama. Bado sijaizima.

Ngoja nikueleze yaliyotokea, maana wewe ungekuwa umeshaniuliza mara tatu.

Unajua kwamba CV zetu zote zina jina lako. Pale chini kabisa, kwenye mdhamini, mtu wa kupigiwa aulizwe habari zetu, kila mmoja wa darasa lako la Jumapili amekuandika wewe: mhandisi wa mitandao, na namba hii. Ulipofariki tulibadilisha mambo mengi kwenye hizo CV, hata picha, lakini hapo hakuna aliyegusa. Hatukukaa kikao. Nafikiri kila mtu aliogopa kwamba akikufuta atakuwa amekuua yeye.

Basi Nakato akapata bahati. Nakato wako, yule Mganda uliyemfundisha kazi kwa ile swichi mbovu ya mtandao uliyoikota ofisini kwenu ilipotupwa. Kampuni moja ya mtaa wa Oud Metha ilimwita kwenye usaili, ikamwita tena, ikampenda. Likabaki jambo moja, kumpigia mdhamini. Na hoteli alikokuwa anatandika vitanda ilikuwa imeshamwambia khalas, mkataba umekwisha, viza inafutwa. Akiikosa hii ni ndege ya kurudi kwao.

Alinikuta jikoni akapiga magoti, kama wanavyosalimia wakubwa kwao. Akaniambia, "Dada Kerubo, wakipiga wewe jibu tu. Sema ndiyo, ni mimi Rukia. Hawa hawajui sauti yake."

Wenzetu waliokuwepo wakamuunga mkono. Mmoja akasema hata Rukia mwenyewe angekubali, kwa mtoto wake wa darasani angefanya lolote. Niliendelea kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshatakata.

Nikuambie ukweli, si kazi ya Nakato iliyonijaribu zaidi. Ni ile kusema "ndiyo, ni mimi Rukia" na mtu wa upande wa pili aamini. Muda wote wa maongezi yale ungekuwa hai. Angekuuliza u hali gani na ningejibu nzuri.

Siku uliyoanguka kazini nilidhani ni presha yako ya kila siku. Nilikuwa nimeanza kukutafutia maneno ya utani. Wakakuzika siku ya pili yake, hapa hapa Dubai, wanaume wakaenda makaburini na sisi wanawake tukabaki nyumbani kwako tukipika chai. Nilifuata kama nilivyoambiwa, ndiyo desturi yenu. Lakini kwetu Kisii kila mtu anafika kaburini, kila mtu anashika udongo akautupa mle ndani. Mimi mkono wangu haukutupa chochote, dada. Ndiyo maana mpaka leo nikisikia mtu anapanda ngazi kwa kuburuta kandambili kama wewe nageuka.

Nakumbuka nilipokuwa mlinzi wa jengo lenu. Asubuhi moja uliniuliza nilisomea nini, nikasema diploma ya kompyuta, iko kwenye begi. Ukaniambia, "Umeifungia humo ili iote?" Kisha ukacheka nilivyokuwa nimekuomba maji, kwamba sisi Wakenya tunaomba maji kama askari anayeomba kitambulisho. Jumapili iliyofuata nikaja kwako.

Darasa lile! Seva, nyaya, halafu ule usaili wa kuigiza ambao tuliuogopa kuliko wa kweli. Ulivaa koti, ukashusha miwani, ukageuka arbab, bosi asiye na huruma, nasi tukiingia mmoja mmoja kwa mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa nikisema samahani kabla hata sijaketi. Ukanirudisha nje. Nikaingia tena, samahani. Ukanirudisha tena. Mwisho ukavua miwani ukaniuliza kwa upole kabisa, "Kerubo, umemkanyaga nani?"

Watu wote walicheka, na mimi nikacheka, halafu usiku nilijiuliza swali hilo mwenyewe. Nilikuwa nimeliomba radhi jiji zima kwa kuwa ndani yake.

Sasa, wakapiga. Nilikuwa kazini, nimejikunja chini ya meza ya wahasibu natafuta waya uliokatika. Bwana mmoja akauliza kwa Kiingereza kama anaongea na Rukia. Nikaanza na samahani. Ilinitoka tu. Na palepale chini ya meza nikakusikia ukiniuliza nimemkanyaga nani.

Nikamwambia Rukia amefariki. Akanipa pole, nikasikia kabisa kwamba anataka kukata. Nikasema subiri, Nakato namjua, tumejifunza pamoja, niulize mimi. Akauliza mimi ni nani. Mimi ni nani? Fundi anayeitwa watu wakisahau nenosiri. Nikamwambia hivyo hivyo, jina langu na kazi yangu, bila kuongeza kitu. Akauliza Nakato hufanya nini akikutana na jambo asilolijua. Nikasema husema hajui, halafu hatoki hapo mpaka alijue, na siku nyingine inabidi tumkumbushe kula. Akanishukuru, lakini akasema kwa kawaida wanataka neno la mtu mwenye cheo.

Nilipomweleza Nakato hakupiga kelele. Alisema, "Umenizika pamoja na yeye," akachukua mkoba wake akaondoka. Jumapili ile hakuja. Tulikuwa wachache, kiti chako kikawa kitupu, na kila mmoja alisoma kivyake kama wageni hospitalini. Nilikukasirikia. Ndiyo, wewe. Uliwezaje kutuacha hivi, sote tukiwa tumening'inia kwenye jina moja?

Lakini lile jina, dada, ndicho kitu chetu pekee ambacho hakuna mtu hapa aliyekitilia shaka. Ningelisemea uongo mara moja tu, lisingekuwa lako tena.

Wamemchukua. Barua ya kazi imekuja juzi. Nakato alifika kwangu akapiga magoti tena, nami nikapiga magoti nikamshika tukalia wote wawili sakafuni. Alipotulia akanionyesha CV yake. Mahali pako ameandika jina langu. Na wengine nao wameanza kuniletea zao, mmoja mmoja, macho chini, kana kwamba wanakuibia. Sikuwaomba.

Imebaki yangu. Leo baada ya kuongea na mama nimeifungua kwenye kompyuta. Nimekaa nalitazama jina lako mpaka chai ikapoa. Halafu nimelifuta, herufi moja baada ya nyingine, taratibu, kwa mkono ule ule ambao haukutupa udongo. Sijaandika mtu mwingine. Wao wana mimi, na mimi sina mtu bado, na inauma, dada. Inauma sana.

Lala salama, Rukia wa Tanga. Mungu wako na wangu akupokee vizuri, na asikuulize maswali magumu kuliko uliyokuwa ukituuliza sisi. Nikimaliza kuandika hapa nitaizima simu yako. Yangu sitaizima. Atakayepiga kuuliza habari za watoto wako wa darasani nitapokea, nitamtajia jina langu na kazi yangu, na sitaanza na samahani. Sijamkanyaga mtu.

Wako,
Kerubo