Uji wa Bi Mwanakheir

Mpendae, Unguja
Machi 1994

Kaka yangu mpenzi Damiani,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Kigoma, wewe na wifi na watoto. Mimi mzima wa mwili tu, moyo hauna raha. Kaa kitako usome taratibu.

Kama nilivyokuarifu, mama alikuwa hali kitu. Kila nilichompikia alisema hakina ladha, ulimi umekufa. Nikenda kanisani Mkunazini nikamwomba Mungu jambo moja: mama ale. Si kupona, maana daktari alishatukatisha tamaa. Ale tu. Nikamwona Mungu kanyamaza, na nilimnunia kweli, kaka.

Ramadhani ilipoingia, jirani yetu Bi Mwanakheir akasema uji wa mama ataupika yeye. Unamjua, hashauriki. Kila mchana, kafunga, midomo imemkauka, akaukoroga bila kuuonja kwa kuogopea swaumu yake, akaja kumlisha mama kwa mkono wake. Na mama akala, akamaliza bakuli! Nilimwonea wivu bibi wa watu, sikufichi.

Siku moja nikalamba kijiko. Lo! Chumvi tupu. Nikainuka nikamwambie, mama akanizuia. Akasema, "Mwache. Ndicho kitu pekee ninachokisikia ulimini."

Kaka, mama hatunaye. Alikata roho alfajiri ya Idi, nimemshika mkono. Hatujamfunika, Bi Mwanakheir akaingia anahema, bakuli mkononi. Asubuhi ile hakufunga, akauonja uji wake kwa mara ya kwanza, ndiyo akaja mbio kumwomba mama radhi. Alipomwona, akaliweka bakuli mezani. "Mwanangu, mwezi mzima namlisha mama yako chumvi, naye asiseme?"

Nikamweleza alichoniambia mama. Tulilia pamoja mpaka sauti zikakauka. Kumbe niliomba nikapewa tangu mwanzo wa mfungo, nami nimekaa nimenuna.

Machano, mwanawe Bi Mwanakheir, ndiye aliyeshika jeneza pahala pako, na kanzu yake ya Idi. Tuliporudi makaburini nikalikuta lile bakuli mezani, uji umepoa. Nikaunywa wote.

Usijilaumu kwa kutokuwapo. Uje kwenye sala ya arubaini, tumwombee mama pamoja. Bi Mwanakheir anakusalimu sana, na anasema chakula cha siku hiyo atapika yeye, na ataonja.

Nibusie watoto. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako,
Felista